Vipindi 24 kwa wiki, na bado nataka kushindana kwa skii. Nifanyeje?

Mpendwa Mshauri,

Ninafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya bweni huku Kapchorwa, Uganda. Nina vipindi 24 kwa wiki, nasimamia michezo, na kila muhula naangukiwa na zamu ya wiki nzima mara mbili, yaani kuamka kabla ya wanafunzi na kulala baada yao. Mke wangu ni muuguzi mwenye zamu za usiku. Tuna watoto wawili, mmoja bado wa kubebwa.

Nilipokuwa Sweden kwa masomo ya uzamili nilijifunza skii za masafa marefu, mtindo wa klasiki, ule ambao skii huenda sambamba, nikafikia kuteleza kilomita 30 bila taabu kubwa. Nilirudi na jozi moja ya skii za magurudumu, viatu vyake, na fimbo za sentimita 150 nilizopewa na rafiki aliyekuwa anahama. Mimi nina urefu wa sentimita 174 nikiwa nimevaa viatu. Nimeazimia kushiriki Vasaloppet, zile mbio za skii za Sweden za kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, mwezi Machi ujao.

Tangu muhula huu wa pili uanze naamka saa kumi alfajiri na kukimbia kilomita 10 kila siku. Jioni nateleza kwa magurudumu kwenye lami ya kwenda Suam. Usingizi wangu hauzidi saa tano. Kiwiko cha kulia kinauma upande wa ndani, hata kushika chaki ni kazi. Majuzi nilisinzia nikisimamia prepu mbele ya wanafunzi. Madaftari ya S.2 yamelundikana, naibu mwalimu mkuu wa taaluma ameniita ofisini mara mbili, na mke wangu amenyamaza kimya, jambo linalonitia hofu kuliko kama angegomba. Nilipoomba ruhusa ya wiki mbili mwezi Machi, mwalimu mkuu alikataa.

Sitaki kuacha skii, na sitaki kuwa mwalimu mbaya. Nipange vipi?

Mwalimu wa milimani, Kapchorwa

*

Mwalimu,

Pole kwa kiwiko na kwa usingizi unaoukosa. Nianze na jibu ambalo halitakufurahisha: usijiandikishe Vasaloppet mwaka huu.

Mbio hizo zilianza 1922 na kwa kawaida hufanyika Jumapili ya kwanza ya Machi. Kwa kalenda ya shule za Uganda, hapo muhula wa kwanza una wiki nne tu. S.1 ndio kwanza wanaingia, maazimio ya kazi hayajatulia, na mwalimu mkuu anayekataa kumwachia mwalimu wa vipindi 24 wakati huo hajakuonea. Hata angekubali, ungefika Sweden ukiwa na siku chache mno za kuzoea theluji. Tena asiye na matokeo ya mbio nyingine huwekwa makundi ya nyuma wakati wa kuanza. Mara tu mkitoka Sälen kuna mlima wa karibu kilomita tatu, na walio nyuma husimama pale kwenye foleni ambayo inaweza kula karibu saa nzima. Mnaanza saa mbili asubuhi, na Mora hufungwa saa mbili usiku. Ukitoa foleni na kusimama kwenye vituo vya chakula, umebaki na muda wa saa kumi hivi kwa kilomita 90, na vituo vya njiani navyo vina saa zake za kufungwa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka kilomita 30, huko ni kwenda kutolewa njiani.

Tazama mbio za Marcialonga, kaskazini mwa Italia. Imekuwako tangu 1971, ni ya klasiki kama unavyotaka, na huwa Jumapili ya mwisho ya Januari, wakati shule zetu zimefungwa. Njia ndefu ni kilomita 70: mnaanzia Moena, mnapanda bonde hadi Canazei, mnageuka na kushuka kupitia Predazzo hadi Cavalese. Iko pia njia fupi ya kilomita 45 inayoishia Predazzo, na hiyo ndiyo ninayokushauri mwaka wa kwanza. Inakuondolea ule mlima wa mwisho wa kuingia Cavalese, uitwao Cascata, wa kilomita mbili na nusu hivi, ambao zamani hata mabingwa walikuwa wakisimama chini yake kupaka upya nta ya kushikia, ile inayozuia skii isiteleze kurudi nyuma unapopanda. Ukimaliza 45 ukiwa na nguvu, mwaka unaofuata 70 haitakuwa ndoto.

Angalia kalenda ya Wizara ya Elimu na Michezo kabla ya kulipia chochote. Muhula wa tatu huisha mwanzoni mwa Desemba na wa kwanza hufunguliwa mwanzoni mwa Februari, lakini mwaka ambao Jumapili ya mwisho ya Januari ni tarehe 30 au 31, wenzako watakaa kikao cha kufungua muhula wewe ukiwa bado angani.

Sasa mazoezi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kinachonisumbua hata kuliko zile saa tano za usingizi ni kwamba sehemu kubwa ya jasho lako inakwenda kwenye kitu ambacho tayari unacho. Sebei, eneo lenu, ni nchi ya wakimbiaji. Stephen Kiprotich na Joshua Cheptegei wametoka huko, na anayeishi kwenye miteremko ile huona mapafu na miguu ndiyo kila kitu. Mkumbuke jirani yetu Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyegeukia skii akafika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Kwenye kilomita 10 za klasiki Bjørn Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wa mwisho, na Dæhlie alimsubiri mstarini amkumbatie. Boit hakupungukiwa na pumzi. Mwanariadha wa kiwango chake aliachwa dakika ishirini kwa sababu mizani juu ya theluji, mgongo, tumbo na mabega ni kazi nyingine kabisa. Marcialonga ina sehemu ndefu za tambarare na za kushuka kidogo, na humo unasonga kwa msukumo wa fimbo mbili kwa pamoja. Asubuhi zako za kilomita 10 hazigusi misuli hiyo.

Kwa hiyo ziache kuanzia kesho. Saa kumi alfajiri ni wakati wa kulala, na ninasema hivyo kwa sababu ya kiwiko pia, maana mshipa uliochokozwa hupona mtu akiwa amelala.

Tuje kwenye kiwiko chenyewe. Fimbo zako ni ndefu mno. Kanuni ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii, kwa klasiki inaweka kikomo cha asilimia 83 ya urefu wa mtu akiwa amevaa viatu. Kwako ni sentimita 144. Fimbo za 150 ni za mtindo huru, ule wa kusukuma miguu kwa pembeni, na ukizitumia kwa msukumo wa fimbo mbili zinakulazimisha kuinua mikono juu mno na kuvuta kwa mkono mtupu, mzigo wote ukiangukia mishipa ya ndani ya kiwiko. Magurudumu yanakuinua sentimita kadhaa kutoka ardhini, ndiyo maana wengine huongeza sentimita mbili kwa fimbo za lami, lakini sita ni nyingi.

Kuzipunguza unaweza mwenyewe. Fimbo hukatwa upande wa juu, kwenye mshikio, kamwe si upande wa ncha. Tumbukiza mshikio katika maji yanayotokota kwa dakika mbili tatu ili gundi ilainike, kisha uzungushe ukivuta hadi utoke. Kama haujatoka rudisha majini, usiupige nyundo. Zungushia utepe wa gundi mahali pa kukata ili nyuzi za kaboni zisipasuke, kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ukiwa umejifunika pua kwa kitambaa chenye unyevu kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu. Rudisha mshikio kwa gundi ya moto, ile ya vijiti inayoyeyushwa, ukihakikisha unatazama mbele sawasawa na ncha. Rekebisha pia mikanda ya mkononi: ikaze kiasi kwamba mwisho wa msukumo, mikono ikiwa nyuma ya mapaja, unaweza kuachia vidole na fimbo isikuponyoke. Anayebana mshikio kama mpini wa jembe mwendo wote lazima kiwiko kimlilie.

Kwa siku 14 usiguse skii za magurudumu. Kila siku chukua chupa ya maji ya lita moja au lita moja na nusu, laza mkono mezani kiganja kikitazama juu na kikining'inia ukingoni. Inua chupa ukisaidiwa na mkono wa pili, kisha ishushe polepole kwa kuhesabu hadi nne kwa mkono mgonjwa peke yake. Mara 15, seti tatu. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakikuamsha usiku, au kidole kidogo kikifa ganzi, nenda hospitali usisubiri.

Baada ya hapo wiki yako ya shule iwe na mazoezi ya saa tano, si zaidi. Najua utaona ni machache. Lakini saa tano zinazofanyika kila wiki kwa miezi sita zinakujenga kuliko kumi na mbili za wiki tatu zikifuatwa na homa.

Jumatatu pumzika, ndiyo siku ya madaftari. Jumanne na Ijumaa alfajiri, saa kumi na moja na nusu, fanya zoezi la kuvuta mpira, nitakalokueleza hapa chini, ndani ya nyumba au chini ya baraza kwa dakika 35 hadi 40. Nasema ndani kwa sababu huko kwenu jua halichomozi kabla ya saa kumi na mbili na robo, na kuna miezi linakaribia saa moja kasoro, na mtu wa skii za magurudumu gizani haonwi na dereva wa lori hata akivaa nini. Jumatano saa za michezo, alasiri, panda lami kwa skii za magurudumu. Mwisho wa wiki fanya zoezi moja refu, Jumamosi baada ya vipindi vya asubuhi au Jumapili baada ya ibada, kati ya saa moja na dakika 45 na saa mbili na nusu. Wiki ya zamu fanya mpira mara mbili tu, basi. Usijaribu kulipa deni hilo wiki inayofuata.

Huo mpira unatengenezwa hivi. Nunua kwa fundi baiskeli mipira miwili ya ndani, iliyotumika lakini isiyo na nyufa, na uikate penye valvu upate kamba mbili ndefu. Zifunge pamoja kwenye tawi nene au boriti iliyo juu ya kichwa chako kwa sentimita 30 hadi 50, mahali pa kufungia pakiwa pamezungushiwa gunia ili mpira usisagike. Ncha za chini zipige vitanzi vya kushika. Simama hatua moja na nusu nyuma, mpira uwe tayari umekazika kabla hujaanza kuvuta. Hapa wengi hukosea. Kwenye theluji uzito mkubwa wa fimbo uko mwanzo wa msukumo, ncha inapogonga chini, ilhali mpira huanza mwepesi na kuwa mzito mwishoni. Ukisimama karibu utajifunza kinyume: kuanza kilegevu na kumalizia kwa kiwiko. Mikono ianze usawa wa macho, viwiko vimekunjwa karibu pembe mraba. Kaza tumbo, angusha kifua kama anayejitupa kwenye meza, mikono ifuate. Maliza mikono inapofika nyonga. Mgongo wa chini ukianza kuuma, unainama kiunoni bila kukaza tumbo. Kunja magoti kidogo na upunguze kasi.

Anza na seti nne za dakika tatu, pumziko la dakika moja, mivuto 40 hadi 50 kwa dakika. Kila wiki mbili ongeza dakika moja kwa kila seti, na mwisho uongeze idadi, hadi ufike seti sita za dakika sita. Malizia na kujivuta juu ya boriti na ubao wa tumbo, yaani kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu. Kila Jumapili unyooshe mpira na kuutazama kwa mwanga: nyufa ndogo zikionekana, tupa. Mpira unaokatika ukiwa umekazika hupiga usoni, na jicho halina spea.

Sasa lami. Barabara ya Kapchorwa hadi Suam ina kilomita 73, na bahati yako ni kwamba ni lami laini. Bahati mbaya ni miinuko yake, kwa sababu skii zako hazina breki. Kanuni ni moja: panda tu, usiteremke. Chagua mteremko wa wastani, si ule mkali, panda seti tano za dakika nne kwa nguvu ambayo huwezi kuongea nayo sentensi nzima, katikati yake dakika tatu za kusukuma polepole. Kisha vua viatu, vaa kandambili na urudi kwa bodaboda. Mpange bodaboda huyohuyo kila wiki, akufuate nyuma taa zikiwaka, umlipe kwa saa. Kofia ngumu, glavu na fulana ya kung'aa si hiari. Siku ya soko usiende, wala lami ikiwa imelowa: ncha za fimbo huteleza, na maji yakiingia kwenye beringi za magurudumu bila kufutwa na kutiwa oili, wiki mbili baadaye zinalia. Ncha ziwe za chuma kigumu cha kabaidi, kwa sababu za theluji hukatika kwa lami, na zinolewe kwa tupa ya almasi kila baada ya mazoezi matatu manne. Ncha butu inaruka, na kila inaporuka kiwiko kinapigwa. Magurudumu nayo yabadilishe nafasi kila mwezi, ya kushoto yaende kulia na ya mbele yabaki mbele, lakini lile lenye kizuizi cha kurudi nyuma lazima libaki mahali pake na upande wake, ama sivyo skii itarudi kinyumenyume ukiwa mlimani.

Zoezi refu lifanye kwa zamu: wiki moja lami, wiki nyingine kupanda njia za mlimani kwa miguu ukiwa na fimbo, kwa hatua ndefu, mkono na mguu wa upande wa pili vikienda pamoja. Fimbo za kupandia njia hizo ziwe za zamani au za mwanzi. Usiharibu za kaboni kwenye mawe.

Upande wa shule, likizo fupi ya Agosti na Septemba andika maazimio ya kazi ya muhula mzima wa tatu, maana Oktoba na Novemba ni mitihani ya taifa ya UNEB na hutapata nafasi. Omba zamu zako zipangwe wiki za mwanzo wa muhula. Walimu wengi hawazitaki, utapewa mara moja. Madaftari yaishie shuleni, katika vipindi vyako visivyo na darasa. Kwa kazi za tathmini endelevu, andika vigezo vya alama kabla ya kuwapa wanafunzi swali, uvibandike ukutani. Darasa la 60 utalisahihisha kwa karibu nusu ya muda, na alama zako zitakuwa za haki zaidi. Saa za michezo ni kazi uliyopewa. Siku ya Jumatano mwombe mwenzako asimamie uwanja na wewe umsimamie siku nyingine, mkubaliane kwa maandishi. Usiwaache wanafunzi wakicheza wenyewe ili wewe uende barabarani, hata kwa nusu saa.

Nyumbani, chukua karatasi moja, andika zamu za usiku za mke wako kwanza, zako za shule pili, mazoezi mwisho. Asubuhi anayotoka zamu ni yake ya kulala, watoto ni wako, na kama zoezi refu limegongana na siku hiyo, ni zoezi linalohama. Kwa kila nusu siku unayochukua mwisho wa wiki, naye apate yake ya kufanya apendavyo. Kimya chake usikifasiri ukiwa peke yako. Mpelekee hiyo karatasi ikiwa haijajazwa, mjaze pamoja, na umwambie na gharama zote kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Kila asubuhi kabla ya kuinuka hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi ya kawaida yako kwa nane au kumi siku mbili mfululizo, zoezi la siku hiyo ni kulala. Ukipata malaria maliza dawa, kisha ngoja angalau siku tano bila homa kabla ya kurudi, tena kwa kutembea.

Chakula hakihitaji duka la wanariadha. Posho na maharage vinatosha siku za kawaida. Kwenye zoezi linalozidi saa moja na nusu unahitaji wanga gramu 40 hadi 60 kila saa: lita moja ya maji, vijiko kumi vya chai vya sukari, robo kijiko ya chumvi, limau moja, na sukali ndizi mbili tatu mfukoni. Jizoeze kunywa kila dakika 20 tangu sasa, maana tumbo lisilofundishwa hugoma siku ya mbio. Kule Italia asubuhi ya Januari baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri kwa mbali, na chupa huanza kuganda kwenye mdomo. Ijaze kinywaji cha moto, ivae kiunoni chini ya koti, mdomo ukielekea chini.

Desemba na Januari ndipo ongeza hadi saa tisa au kumi kwa wiki. Kama wewe ni msahihishaji wa UNEB, wiki za kambi ya kusahihisha beba mpira wako tu na usitegemee zaidi. Panga kufika kwenye theluji siku 10 kabla ya mbio. Siku tatu za kwanza jifunze upya kushuka na kuvunja mwendo kwa kuzielekeza ncha za skii ndani, na kuanguka kwa ubavu, kwa sababu hivyo magurudumu hayakukufundisha hata kidogo. Skii za theluji kodi hukohuko, wapimaji waangalie uzito wako, na uwape kazi ya nta watu wa huduma. Omba nta ya kushikia ipakwe, usidanganywe na mabingwa wanaokwenda bila hiyo. Wao wana mabega ya kupanda kila mlima kwa fimbo tupu, wewe bado.

Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini inaweza kufika 45, kwa hiyo peleka maombi Oktoba, kabla mitihani haijakubana. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Ubalozi wa Italia uko Kampala. Uthibitisho wa kujiandikisha mbio, barua ya mwajiri inayosema unarudi kazini tarehe fulani, na taarifa za benki viende pamoja. Mashindano ya Italia yana masharti ya cheti cha daktari kwa washiriki. Soma kanuni za mwaka wako kuhusu wageni na umpelekee daktari fomu yenyewe, usimwandikie maneno yako.

Barua ya mwajiri inatoka kwa mwalimu mkuu yuleyule aliyekukataa. Mwendee wiki hii, ukiwa umeshasahihisha yale madaftari ya S.2. Mpe ukurasa mmoja: tarehe za kuondoka na kurudi, zote ndani ya likizo, maazimio ya kazi ya muhula wa kwanza yatakayokuwa mezani kwake kabla hujasafiri, na jina la mwalimu atakayeshika vipindi vyako kama ndege itachelewa, akiwa ameshatia saini.

Mshauri